Nzuri, Ila

Mwaluko aliingia ofisini bila hodi, akaweka mfuko wa plastiki juu ya meza yangu, kando ya kikombe cha chai ambacho nilikuwa bado sijakigusa. Ndani ya mfuko mlikuwa na mizizi. Ilikuwa ya kahawia, inateleza, inanuka kama dekio lililosahaulika nyuma ya mlango.

"Mlenda," alisema. "Au tuseme, uliokuwa mlenda."

"Toa hapo, Mwaluko. Sijanywa chai."

"Utakunywa tu. Kwanza nifungulie kabati la saba-kumi na nne, Jengo la Mtama. Niambie linasemaje."

Mwaluko ni fundi wa makabati. Amepanda ngazi za majengo ya Nkuhungu kwa miaka sita, lifti zikiwa zimekufa kabla hajaajiriwa, na magoti yake yanalia kabla yeye mwenyewe hajasalimia. Mimi kazi yangu ni ya kukaa. Mimi ndiye niliyebuni Chipukizi, programu ya simu inayotunza makabati ya mboga, na kwa jinsi nilivyochoka asubuhi ile ya Alhamisi ningekubali kubadilishana naye magoti, mradi tu anipe na usingizi wake.

Nikafungua kabati la saba-kumi na nne. Jani dogo la kijani likatokea kwenye kioo. Kauli ya mwenye kabati, jana saa kumi alasiri: nzuri. Juzi: nzuri. Nikashuka na kidole mpaka siku ya tisini nyuma. Kijani kitupu.

"Linasema zima," nikamjibu.

"Na mizizi hiyo nimeitoa humo saa moja asubuhi ya leo. Trei zote tatu. Mchicha umelala, mlenda umeoza, figiri zimebaki mbili na zenyewe zinaaga."

"Vihisio je?"

"Vimeziba chokaa tangu mwaka juzi, Nyemo. Usiniulize kama mgeni. Si ndiyo maana mkaweka kauli?"

Ndiyo maana, kweli. Tangu mashamba ya nje yakatae kabisa, kila nyumba Dodoma ina kabati ukutani: trei tatu, taa za zambarau, pampu ndogo, na maji yenye mbolea yanayozunguka kwenye mizizi bila udongo. Maji hayo hutoka Ofisi ya Mgao kila Jumamosi, kwa hesabu ya midomo, yaani watu walioandikwa kwenye nyumba. Zamani vihisio, vile vifaa vya kupima maji na mizizi, ndivyo vilivyoamua nani aongezewe na nani apunguziwe, lakini maji yetu yana chokaa, vihisio vikaziba, vikaanza kusema uongo, na watu wakaadhibiwa kwa uongo huo. Tukajaribu kamera. Watu wakazifunika kwa kanga. Mwishowe Ofisi ikasema yaishe: neno la mwenye kabati litakuwa juu ya kihisio chochote. Kazi ya kulipokea hilo neno nikapewa mimi.

"Mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

"Bibi mmoja, Bi Sechelela. Nilimwuliza kwa nini hakutoa taarifa. Lo! Alinijia juu. Anasema ametoa kila siku. Anasema amemweleza yule dada wa kwenye simu mpaka mate yamemkauka."

Yule dada wa kwenye simu ni mimi. Siku ya kurekodi tulikosa msomaji, nikaingia mwenyewe kwenye chumba cha stoo, nikajifunika blanketi ili mwangwi usisikike, nikasoma.

Nilikuwa nimeanza na vitufe vitatu, kijani, njano na nyekundu. Wazee wakavikataa. Walisema wanajiona kama wanahojiwa polisi, mtu hajakusalimia anakuuliza una tatizo gani. Nikaona hapo kuna jambo. Nikaondoa vitufe, nikaweka salamu. Kila siku saa kumi simu inaita, sauti yangu inauliza, "Habari za bustani?" na mtu anajibu kwa mdomo wake. Ndani yake nilijenga sikio, yaani programu ndogo inayotambua maneno yapata thelathini na si zaidi, ili lifanye kazi hata kwenye simu mbovu. Likisikia nzuri, salama, njema, shwari au haijambo, linaandika kijani. Likisikia mbaya, linaandika nyekundu. Neno la kwanza likipatikana, kazi yake imekwisha. Ndani ya mwezi mmoja nyumba zilizokuwa zikijibu zikatoka robo zikafika karibu zote. Nilipewa cheti na keki.

"Sauti zinahifadhiwa?" Mwaluko akauliza.

Nilitaka kusema hapana. Ndivyo tulivyowaambia watu, kwamba hatusikilizi zaidi ya jibu. Lakini niliona ni ukosefu wa adabu kumkatia mtu simu katikati ya sentensi, kwa hiyo nikaiacha ipokee mpaka mtu anyamaze, halafu ndipo iseme asante. Kilichobaki baada ya neno la kwanza kikawa kinaenda kwenye ghala letu na kulala humo. Hakuna aliyeniambia nikifute, nami sikujisumbua kuuliza.

Nikaitafuta sauti ya jana.

"Habari za bustani?" nikajisikia nikiuliza, mchangamfu kama mtu aliyelala vizuri.

"Nzuri, mwanangu," sauti ya kizee ikajibu, kwa kelele, kama wanavyosema wazee na simu. "Nzuri kabisa, tunamshukuru Mungu. Na wewe hujambo? Umekula? Haya. Ila mwanangu, huu mlenda leo umenitisha. Maji yanazidi kupungua, yamekuwa ya moto, yananuka. Nilikwambia juzi. Na sasa tuko watatu, tafadhali usimwambie mtu. Mke wa mjukuu wangu bado yupo na kichanga chake, huko kwao Bahi hakuna hata tone. Mimi naweza kulala na uji, lakini huyu ananyonyesha, namnyimaje jani la mboga? Basi nimekuchosha. Tutaongea kesho."

"Asante," nikajisikia nikimjibu. "Bustani yako ina afya. Siku njema."

Mwaluko alikuwa anatazama dirisha, ingawa nje hapakuwa na kitu zaidi ya vumbi.

"Siku tisini," alisema, "tumemwambia asante."

Nikamkumbuka mama yangu. Siku baba yangu alipoletwa kutoka hospitali amefunikwa shuka, jirani alibisha hodi na kuuliza habari za asubuhi, na mama yangu akamjibu, "Nzuri, karibu ndani," ndipo akaanguka kulia. Hivyo ndivyo tulivyo. Mtu hamtupii mwenzake balaa usoni; humkaribisha kwanza kwa neno zuri, halafu ukweli unakuja nyuma ya ila. Na mimi niliyelelewa na mama yule ndiye niliyejenga sikio linalofunga mlango kwenye neno la kwanza. Mgeni asiyejua Kiswahili asingekosea hivyo. Angeogopa, angeuliza. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijua.

Kabati likisema zima, mashine inalipunguzia maji kidogo kila wiki ili yaende kwenye makabati yanayougua. Wiki kumi na tatu za nzuri zilikuwa zimemwacha Bi Sechelela na chini ya nusu. Maji machache hupata joto chini ya taa, na mizizi kwenye maji moto hukosa hewa na kuoza. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, nikitumaini nimekosea.

*

Bwana Rwechungura, mkuu wetu wa Mgao, hakupandisha sauti. Hapandishi kamwe, na hilo ndilo linalochosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Kwa hiyo tunayo mikia ya mazungumzo, yote ya baada ya neno la kwanza," alisema. "Nyumba zote?"

"Zote."

Akaniomba nipige hesabu pale pale: nyumba ngapi zimesema neno zuri likafuatwa na "ila" kwa zaidi ya siku thelathini mfululizo. Mashine ilimaliza kabla hajarudisha miwani usoni. Mia nne na kumi na mbili.

"Hao ndio tumewaonea," alisema. "Na ushahidi wao tunao. Mikia ipite kwenye mashine kubwa ya Ofisi, ile inayoelewa kila neno, isomwe, kila aliyelalamika arudishiwe maji yake yote. Hili ni jambo jema, Bi Nyemo. Mbona unakunja uso?"

"Wapo waliosema mengine humo."

"Yapi?"

"Midomo."

Nyumba ikikutwa na mdomo usioandikwa, kabati hufungwa siku thelathini na mgeni hurudishwa kambini, nje ya mji, kwenye mahema. Vichanga haviishi sana kwenye yale mahema. Sote wawili tulilijua hilo na hakuna aliyelitamka.

"Tunaweza kusikiliza wenyewe," nikasema. "Mimi na Mwaluko. Tuandike mambo ya maji tu."

"Mmekula kiapo, kama mimi. Ukisikia, umesikia. Sheria ya midomo sikuitunga, lakini tangi ni moja, na mdomo usioandikwa unakunywa kwenye bomba la ulioandikwa. Ungekuwa wewe ndiye jirani yake, ungesemaje?"

"Basi nilitengeneze sikio upya, lisikilize maji peke yake."

"Vibali vya kubadili sikio ni wiki tatu. Hizo figiri zina wiki tatu?"

Hazikuwa nazo. Mgao wa Jumamosi hufungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, baada ya hapo hakuna anayeugusa. Akanipa mpaka kesho saa sita mchana nimkabidhi mikia. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Mtu aliyelalamika siku tisini ana haki ya kusikilizwa, Bi Nyemo. Hata kama kasema mengi."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anasema kweli.

*

Alasiri ile ile nilikwenda Jengo la Mtama kwa njia zilizofunikwa kukwepa jua, nikapanda ngazi za ghorofa saba nikihema. Mlango ulikuwa wazi ili hewa ipite. Nikabisha hodi.

Bi Sechelela alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua dengu, mwanamke mfupi, mkavu, kitambaa cheupe kichwani. Aliposikia hodi yangu aliacha mikono juu ya ungo. Hakugeuka mara moja.

"Sema tena," akaniambia.

"Hodi, bibi."

"Ni wewe." Akageuka kunitazama, macho yakianzia viatu vyangu. "Ni wewe kabisa. Siku zote hizi nakueleza, ndiyo unakuja leo?"

Nilitaka kumweleza kwamba ile ni sauti tu iliyorekodiwa. Nikaona aibu. "Nimechelewa, bibi. Nisamehe."

"Mbukwa," akasema, salamu ya kwao, kama aliyekwisha kusamehe, akanisogezea kigoda kingine. "Habari za huko?"

"Nzuri," nikajibu, na kabla neno halijaisha nikatamani kuling'ata.

Kabati lilikuwa kama Mwaluko alivyosema. Taa za zambarau ziliwaka vizuri juu ya trei tupu. Kwenye kona, figiri mbili. Chumba cha ndani kilikuwa na pazia, na nyuma ya pazia msichana alikuwa ameketi na kichanga kwenye titi. Alinisalimia shikamoo bila kuinua kichwa. Anaitwa Lonje, bibi akaniambia, na mtoto ni wa kike, ana wiki saba, mjukuu kaenda kuchimba visima Manyoni na hana simu. Alinieleza yote hayo wazi, kama mtu anayemkumbusha mwenzake habari aliyokwisha kumpa.

Nami nikamweleza yangu. Nilimweleza sikio lilivyo, na mikia, na kesho saa sita. Alisikiliza huku akichambua dengu.

"Kwa hiyo hukuwa unasikia."

"Sikuwa nasikia."

"Hata ile siku niliyokueleza habari za marehemu mume wangu, nikalia?"

"Hata hiyo, bibi."

Akatupa jiwe dogo la kwenye dengu nje ya ungo. Halikuwa jambo la kumlaumu mtu kwa maneno, na hakunilaumu. Ningeona nafuu angenilaumu.

"Iko njia moja," nikasema haraka. "Ukiulizwa habari za bustani, anza na mbaya. Mbaya tu, halafu nyamaza. Mashine itaandika nyekundu, Jumamosi utaongezewa maji, na hakuna atakayejua mengine."

Akacheka, mara ya kwanza. "Mbaya?"

"Mbaya."

"Mwanangu, mbaya ni maiti ndani. Mtu akiniuliza habari nikamjibu mbaya, atadhani nani kafa? Hata huyo mume wangu, nilianza na nzuri ndipo nikasema ametutoka. Niuite msiba kwenye nyumba yenye kichanga cha wiki saba, kisa mchicha?"

"Sema basi si nzuri."

Tukajaribu kwa simu yake, kwa kubonyeza jani ili iulize kabla ya saa kumi. "Si nzuri," alisema kwa kelele. Sikio langu likadaka nzuri, jani likawaka kijani, na sauti yangu ikamshukuru. Tukatazamana.

"Hiyo mikia," aliniuliza nilipokuwa nasimama, "ukiwapa, Lonje wanamchukua?"

"Wanamchukua. Lakini maji yako utapata, baada ya adhabu."

"Na usipowapa?"

"Kabati litakufa. Lako na ya wengine wengi. Hawatakuwa na ushahidi kwamba walisema."

"Basi unaniuliza mimi nini?" akasema, si kwa ukali. "Mimi nilikwisha kukuomba usimwambie mtu. Nilikuomba siku ya kwanza."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi niliifuta mikia yote. Ilichukua sekunde kumi na moja. Nilitazama ile namba ikishuka mpaka sifuri na sikujisikia shujaa hata kidogo. Nilijisikia mtu aliyechoma barua za watu mia nne ambazo hazikuwa zake, ili kuokoa idadi asiyoijua. Pengine nyumba kumi zilikuwa na wageni. Pengine mia. Waliobaki walikuwa na mizizi inayooza tu, na walikuwa wamesema, na sasa ni kama hawakuwahi kusema.

Bwana Rwechungura alikuja mwenyewe kusimama mlangoni pangu.

"Umewanyamazisha mara ya pili," alisema.

"Najua."

"Jumatatu utajieleza mbele ya kamati. Kadi yako ya ofisi iache hapo."

Nikaiacha. Mwaluko alikuwa ananisubiri kwenye ngazi, amekwisha kufunga magoti yake kwa bandeji. Tulikuwa na mpaka saa kumi na moja. Tuligawana orodha ya nyumba mia nne na kumi na mbili, tukijua hatutafika hata hamsini, tukaanza kubisha hodi na kuwaomba watu waseme neno moja. Kila mlango tulikaribishwa. Kila mlango tuliulizwa habari na tukajibu nzuri. Kisha wakatukatalia. Mzee mmoja alisema hawezi, mke wake yuko hospitali, itakuwa uchuro. Mama mmoja alikubali, akashika simu, akaulizwa, akasema, "Nzuri, jamani nimesahau," akaangua kicheko, nami nikacheka naye kwa uchovu mpaka machozi yakanitoka. Kufikia saa nane na nusu tulikuwa tumepata nyekundu tatu. Zote za vijana.

Nilirudi kwa Bi Sechelela kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Figiri mbili zilikuwa zimelala. Lonje alikuwa amekaa sebuleni safari hii, mtoto mapajani, na fuko lake la nguo limefungwa pembeni. Alikuwa ameamua kuondoka mwenyewe kabla ya magharibi ili bibi abaki na kabati lake. Wawili hao walikuwa wamegombana. Ilionekana kwenye nyuso zao.

"Nimefuta," nikasema. "Hakuna atakayejua. Hana haja ya kwenda."

"Umefuta yote?" bibi akauliza. "Na ya mume wangu?"

"Na hiyo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi hakuna aliyeisikia."

Nilitaka kumdanganya. Sikuweza. "Hakuna, bibi."

Lonje akainuka, akajifunga mtoto mgongoni. "Kabati haliwezi kutulisha watatu, mama," alisema kwa upole. "Haliwezi hata kukulisha wewe peke yako. Wacha niende."

"Keti," Bi Sechelela akamwambia.

"Mama..."

"Nimesema keti! Nenda ndani ukae na mtoto, umzibe masikio." Akanigeukia mimi. "Lete hiyo simu."

Akabonyeza jani. Sauti yangu ikamwuliza habari za bustani. Akaishika simu kwa mikono miwili, mbele kidogo, mbali na uso.

"Mbaya," alisema. Na kwa kuwa yeye husema na simu kwa kelele, neno likatoka mlangoni likaenda mpaka mwisho wa korido.

Jani likawaka jekundu. Sauti yangu ikamwambia pole, nyongeza ya maji itafika kesho. Akaiweka simu chini kama mtu anayeweka kitu kichafu, akajifunika uso kwa kanga. Nilikaa chini kando yake. Nilijua nimemfanya aseme kitu ambacho hatakisahau.

Sikuwa nimefikiria majirani. Mama Lugano wa mlango wa pili ndiye aliyefika kwanza, kitenge kimefungwa kiunoni, miguu peku. Alimkuta bibi amejifunika uso na mgeni asiyejulikana ameketi chini. Hakuuliza. Alikaa, akamshika bega, akaanza kulia taratibu. Kisha wakaja wawili, kisha watatu. Mwaluko, ambaye alikuwa amenifuata, aliishia mlangoni akavua kofia. Ndani ya robo saa tulikuwa wanawake kumi na zaidi sakafuni, mmoja amekuja na sufuria ya maji ya chai, na wa mwisho kuingia alikuwa Mama Matika, mjumbe wa jengo, mwanamke mnene wa taratibu, kitabu cha midomo kikiwa kwapani. Yeye ndiye huandika nani anaishi wapi. Yeye ndiye huita Ofisi.

"Nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Bi Sechelela alifunua uso. Sijui kama angedanganya. Hakupata nafasi, kwa sababu nyuma ya pazia kichanga kikalia, kilio kirefu cha njaa, na hakuna mtu mle ndani ambaye hakukisikia.

Kilio cha Mama Lugano kikakatika. Watu wakatazama pazia, halafu wakatazama kitabu. Mama Matika alikuwa amesimama katikati ya sebule. Nikaona macho yake yanakwenda kwenye trei tupu chini ya taa za zambarau, yanashuka kwenye simu yenye jani jekundu, yanarudi kwenye pazia. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu hiyo si ngumu.

"Hakuna aliyekufa, Mama Matika," bibi alisema. "Ni mboga tu. Nimesema mbaya kwa ajili ya mboga."

Hapo ikatimia saa kumi, na simu zikaanza kuita. Mifukoni, kwenye pindo za kanga, ndani ya blauzi, sauti yangu ikauliza mara kumi na zaidi, moja ikifuata nyingine, "Habari za bustani? Habari za bustani?" Nilitamani sakafu ifunguke.

Mama Lugano alitoa yake akaitazama. Machozi yalikuwa bado shavuni. Alikuwa amekuja kwenye msiba, na kwenye nyumba ya msiba hakuna anayesema nzuri.

"Mbaya," alisema.

Aliyekaa kando yake akasema mbaya. Mwingine, ambaye nilikuwa nimembembeleza mlangoni kwake saa sita akakataa, akasema mbaya bila hata kunitazama. Neno likazunguka mkeka mzima. Majani mekundu yakawaka mapajani mwa wanawake, na kila mara sauti yangu ikasema pole.

Ikabaki simu ya Mama Matika. Aliitafuta ndani ya mkoba kwa muda mrefu, ikiuliza na kuuliza. Kabati lake nalijua. Ndilo ambalo Ofisi huwapeleka wageni kulitazama, mchicha wake unafika kwenye taa. Aliitoa simu, akaishika. Nyuma ya pazia mtoto alikuwa amepata titi, amenyamaza. Mama Matika akakitoa kitabu kwapani, akakiweka sakafuni, akaketi juu yake kwa uzito wake wote.

"Mbaya," aliiambia simu. "Mbaya sana."

"Pole," ilimjibu sauti yangu. Neno hilo nililirekodi mara moja tu, la mwisho kabisa siku ile, kwa haraka, kwa sababu nilikuwa na njaa na nilidhani halitatumika.